Wavinya Muthama, Aliyekataa Kuitwa wa Zamani

Tunayemsindikiza leo ni Wavinya Muthama, mke wa Muindi, mama yao Mukai na Nzuki, muuza supu na mpiga tarumbeta wa Kiamaiko. Familia imekubaliana kwamba yasemwe yaliyo ya kweli, na yasemwe kwa sauti, kwa maana yeye mwenyewe hakuwahi kupiga kitu kwa sauti ya chini.

Alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, mtoto wa pili wa Mzee Muthama na Mama Ndinda. Baba alikuwa mchonga vinyago aliyetoka Wamunyu kutafuta kazi Nairobi, na mama alifua mashuka ya watu. Walikaa Shauri Moyo, chumba kimoja. Waliomuuliza Wavinya kwao ni wapi aliwajibu Shauri Moyo. Wakisema hapana, kwenu kabisa, aliwajibu: nyumba ya pili kutoka kwenye bomba. Ndiyo maana leo tuko hapa makaburini Lang'ata, wala si Wamunyu. Ni yeye aliyetaka hivyo, na wazee wa ukoo waliopinga wamesikilizwa na wamepewa chai.

Masomo aliyaanza mwaka 1973 katika shule ya msingi ya pale mtaani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979, akaendelea hadi kidato cha pili. Mwaka 1982 babake aliugua macho, hakuweza tena kushika patasi, na Wavinya akaacha shule ili asaidie nyumbani. Hakuililia. Alisema shule ilimpa kusoma na kuandika, na lile jingine alilolihitaji alikuwa ameshalipata kanisani.

Kanisa lao lilikuwa na bendi ya matarumbeta iliyopita mitaani kila Jumapili asubuhi. Wavulana walipewa vyuma vya kupuliza, wasichana walipewa matari. Wavinya alikuwa na miaka kumi alipomwendea mkuu wa bendi kuomba tarumbeta. Mkuu huyo hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa huruma kabisa kwamba tarumbeta huvimbisha midomo, na msichana aliyevimba midomo haolewi. Wavinya alirudi nyumbani akalifikiria jambo hilo. Alipomaliza kulifikiria, alichukua kipande cha mpira wa maji, akachomeka faneli ya mafuta ya taa upande mmoja, akaanza kupuliza. Alipulizia kiwandani kwa babake, katikati ya wachongaji, nao wakamwambia analia kama ng'ombe anayezaa. Siku moja Mzee Muthama alimweka chini twiga aliyekuwa akimchonga, akatafuta kipande cha mpingo, akachonga kile kikombe kidogo kinachokaa mdomoni, akakilainisha kwa msasa, akampa binti yake. Sauti ya ule mpira ikabadilika. Ikawa sasa ni sauti yenye mwenyewe.

Jumapili iliyofuata aliingia kwenye mstari wa bendi na mpira wake wa maji, bila kuitwa, akapiga wimbo mzima pamoja nao barabarani. Watu walicheka. Mkuu wa bendi naye alicheka, halafu akasikiliza, halafu akaacha kucheka. Wiki moja baadaye Wavinya alipewa tarumbeta la kanisa, lile lenye kitufe kimoja kilichokwama. Midomo haikuvimba. Habari ya kuolewa tutaifikia.

Kazi ya muziki aliianza mwaka 1985 katika bendi kubwa za mjini, zile za matarumbeta matatu, saksafoni mbili, magita manne na waimbaji waliovaa suti za rangi moja. Alipiga katika hoteli za River Road, akapiga Machakos na Thika, akapiga pia katika santuri za watu wengi. Santuri hizo bado zipo, na ukizisikiliza utalisikia tarumbeta lake. Jina lake hutalikuta. Nyuma ya jalada waliandika mwimbaji, wakaandika gita, wakaandika ngoma, kisha wakamalizia: na wengineo. Wavinya alizoea kujitambulisha hivyo kwa utani. Akiulizwa ni nani alisema, "Mimi ndiye Wengineo. Umenisikia sana."

Alihamia Huruma mwaka 1989. Mwenye nyumba alimkataza kupuliza chumbani, kwa hiyo asubuhi alivuka mpaka Kiamaiko, akasimama pembeni mwa soko la mbuzi na kufanya mazoezi hapo. Kulikuwa na dereva wa lori aliyeleta mbuzi kutoka Isiolo, kijana wa Mwala aitwaye Muindi. Muindi mwenyewe amesema tulieleze hili kama lilivyokuwa. Asubuhi moja alifungua lori lake na mbuzi wakakataa kushuka. Walisimama wote, masikio yamesimama, wakitazama upande wa tarumbeta. Wanunuzi walikuwa wanangoja na wanaguna. Muindi akaenda pale akiwa amekasirika.

"Dada, hebu pumzika kidogo. Mbuzi wangu wamekataa kushuka."

"Na wewe mbona umeshuka?" Wavinya akamuuliza.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1992, kanisani Shauri Moyo. Yule mkuu wa bendi alikuwa bado hai, naye alialikwa kwa makusudi, akawekwa kiti cha mbele. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mukai mwaka 1993 na Nzuki mwaka 1997. Muindi hakuwahi kumwambia aache tarumbeta. Alimwambia tu asilipige mbuzi wakiwa bado ndani ya lori.

Wakati huo bendi zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Kikaja kinanda cha umeme. Mtu mmoja mwenye kinanda alibonyeza kitufe, ikatoka sauti iliyofanana na matarumbeta matatu, na mwenye baa hakuona sababu ya kulisha watu kumi na wawili. Mwaka 1996 Wavinya aliweka tarumbeta kabatini, akafungua kibanda cha supu ya vichwa na miguu pale Kiamaiko. Supu hiyo wengi wenu mliopo hapa mnaijua. Iliwalea watoto, ikawasomesha, ikaponya walevi. Lakini waliokaa karibu naye walijua kwamba hakuwa amenyamaza. Alikoroga sufuria huku vidole vitatu vya mkono wa kulia vikibonyeza juu ya mwiko, wimbo baada ya wimbo. Nyingi hazikuwa nyimbo za mtu yeyote. Zilikuwa zake, na zilikuwa mpya.

Mwaka 2017, watoto wakiwa wamekua, alimwendea Abdurahim. Bwana Abdurahim, ambaye yuko nasi leo, ana duka la vyombo mtaa wa Umoja, na zamani walipiga pamoja mjini, yeye akiwa gita la solo. Wavinya alimwambia anataka bendi nzima, kubwa kama zile, na anataka kurekodi nyimbo mpya bila bosi, bila kampuni na bila kinanda. Abdurahim alimuuliza ni nani siku hizi anataka bendi ya watu kumi na wawili. Akamjibu, "Mimi. Na wewe. Tumebakiza kumi." Wakawatafuta. Mmoja alikuwa mlinzi mtaa wa Mowlem, mwingine aliuza mitumba, mwingine alikuwa mzee wa kanisa aliyepiga saksafoni kwa siri hata mkewe asijue. Bendi ikaitwa Mowlem Jazz, kwa kuwa mazoezi yalifanywa Mowlem, uani kwa huyo mlinzi.

Studio za mjini ziliwakataa. Zilikuwa vyumba vya mtu mmoja na kompyuta, na waliambiwa waingie mmoja mmoja, kila mtu apige peke yake na kuondoka, kisha mashine itawaunganisha. Wavinya hakuitaka njia hiyo. Alisema watu wakipiga wimbo mmoja lazima waonane macho. Hapo ndipo akakumbuka stoo ya ngozi ya Kiamaiko, pale ngozi za mbuzi zinapotiwa chumvi na kutundikwa kwa safu zikingoja kuchukuliwa. Ilikuwa kubwa, na mtu akiongea ndani yake sauti hairudi, ngozi zinaimeza. Fundi wa sauti alikuwa Rayyan, anayetengeneza simu pale stendi ya Mowlem. Alileta maikrofoni mbili, akazitundika kwenye vyuma vya ngozi, akaomba aruhusiwe kufungua mlango. Harufu ilikuwa kali. Mpiga saksafoni mmoja alitoka mara mbili kutapika, akarudi mara mbili. Wavinya hakuisikia harufu hiyo, alikuwa ameishi nayo miaka ishirini.

Walirekodi Jumamosi, tarehe 17 Februari 2018. Nyimbo sita, wote wakiwa wamesimama pamoja. Aliyekosea alikosea, na kosa likabaki. Ule wa pili uliitwa Tokeni Imeisha. Ni wimbo wa mume na mke waliokuwa wakigombana, stima ikakatika kwa kuwa tokeni, ule umeme wa kulipia kwa simu, imeisha, wakacheka gizani na ugomvi ukaishia hapo. Sasa, kwa sababu ya zile ngozi, zile maikrofoni mbili na watu kumi na wawili kupumua hewa moja, sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye joto, kama ya santuri za wazazi wetu. Rayyan alishangaa. Wavinya hakushangaa. Alisema hiyo si sauti ya zamani, ni sauti ya watu wakiwa wengi. Rayyan aliziweka nyimbo mtandaoni, na nyingine zikauzwa pale kibandani, mtu akinunua supu anapewa na wimbo kwenye simu yake.

Lililofuata ndilo hasa tulilosema lazima lisemwe hapa.

Jumapili, tarehe 12 Agosti 2018, saa tisa alasiri, Wavinya alikuwa kibandani akisafisha vichwa vya mbuzi. Redio ya jirani ilikuwa kwenye kipindi cha zilizopendwa, kinachopendwa sana na watu wa umri wake. Ukaanza wimbo na yeye akainua kichwa, kwa maana lile lilikuwa tarumbeta lake. Ulikuwa ni Tokeni Imeisha, mzima, hawakuukata. Ulipokwisha, mtangazaji, Muturi, alisema kwa sauti ya kanisani kwamba hiyo ni Mowlem Jazz ya mwaka 1974, bendi ambayo wanachama wake wote wametangulia mbele ya haki, na kwamba tarumbeta kama hilo la marehemu yule hatutalisikia tena katika nchi hii, alikuwa mwanamume wa shoka.

Wateja waligeuka wote wakamtazama muuza supu.

"Mathe," kijana mmoja akasema, "kwani umekufa na bado unatupimia supu?"

"Kunywa," Wavinya akamwambia. "Ya marehemu ni tamu zaidi."

Kibanda kizima kilicheka na yeye akacheka pamoja nao. Lakini simu zilikuwa zimeanza. Shemeji alipiga kutoka Mwala akitoa pole kwa Muindi. Mwingine aliuliza mazishi ni lini. Na kitu kimoja kilimkaa Wavinya rohoni kuliko hata kuitwa mwanamume. Mwaka 1974 tokeni ilikuwa wapi? Wimbo mzima unazungumzia tokeni, kiitikio ni tokeni, na hakuna aliyelisikia neno hilo. Watu wakisikia matarumbeta, alisema, hawasikii tena maneno. Wanasikia tu kwamba mtu amekufa.

Jumatatu alifunga kibanda, akavaa gauni lake la bluu, akabeba tarumbeta, akaenda kwenye kituo hicho cha redio. Soja wa getini alimuuliza ana miadi na nani. Alimwambia amekuja kusahihisha kifo chake. Soja alimwangalia vizuri, akamwambia mama keti hapo kwenye kivuli. Wavinya hakuketi. Alitoa tarumbeta na akapiga ile sehemu ya katikati ya Tokeni Imeisha, pale pale getini, na madirisha ya ghorofani yakafunguka moja moja. Muturi alishuka mwenyewe.

Alikuwa mtu mwenye adabu, na tuseme haki yake. Alimpeleka ndani, akamwagizia chai, akamshika mkono kwa mikono miwili. Alisema hajawahi kusikia kitu kama kile. Kisha akamweleza shida yake. Kituo kina vipindi viwili vya muziki, kimoja cha zamani na kingine cha vijana. Cha vijana hakiwezi kuchukua bendi ya matarumbeta. Na cha zamani, wasikilizaji walikuwa wamepiga simu wakilia, wakisema wamesikia ujana wao. Akiwaambia wimbo huo ni wa Februari, na umepigwa na mama wa supu kwenye stoo ya ngozi, watajiona wamechezewa.

"Mama, tuelewane," Muturi akasema. "Wimbo huu nitaucheza kila Jumapili. Nchi nzima itausikia. Wewe nyamaza tu."

"Ninyamaze kuhusu nini?"

"Kuhusu kuwa hai."

Wavinya alimaliza chai yake kwanza. Alisimulia baadaye kwamba hakuwa na hasira, alikuwa anapima. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na tangu apulize mpira wa maji hakuna aliyewahi kumpa nchi nzima. Kila Jumapili. Jina lisingekuwa lake, lakini sauti ingekuwa yake. Alipima, akaona ni ile ile: na wengineo. Ila safari hii wanataka pia alale chini.

"Sema nipo," akamwambia. "Sema tarehe. Kama huwezi kusema, uondoe."

Muturi alisema hawezi. Wimbo ukaondolewa kipindini.

Bendi ilipopata habari, mazoezi ya Mowlem yalikuwa moto. Wengine walisema amewaua kweli sasa. Abdurahim, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti, siku hiyo aliipandisha.

"Mama Mukai, ni saa moja kwa wiki. Tungekufa saa moja tu kila Jumapili, siku nyingine zote tuko hai. Ubaya uko wapi?"

"Basi wewe kafe, Abdurahim. Gita liache hapa."

Watu walicheka, lakini Abdurahim hakucheka. Alisema anataka jibu, si mzaha. Basi Wavinya akampa jibu, na Bwana Abdurahim ametuomba tuliandike kama alivyolisema. Alimwambia kwamba kitu kikiitwa cha zamani, mtoto hakigusi. Atakipenda, atakicheza harusini, lakini hatakigusa, kwa sababu ameshaambiwa wenyewe wamekufa na mlango umefungwa. "Mimi sikuanza kupuliza kwa sababu nilisikia santuri," alisema. "Nilianza kwa sababu bendi ilipita mbele ya nyumba yetu, hai, na jasho linawatoka." Halafu akawauliza wote: "Zilizopendwa. Zilipendwa na nani, na waliacha lini?"

Wawili waliondoka siku hiyo, wakaenda kupiga katika hoteli moja kubwa kwenye usiku wa kumbukumbu, wamevaa suruali pana na wigi. Hatuwasemi vibaya, mmoja wao yuko hapa na ameleta maua. Kumi walibaki, na Abdurahim alibaki. Tangu wiki hiyo, kila Jumapili saa tisa alasiri, saa ile ile ya kipindi, Mowlem Jazz walipiga nje. Walianza kwenye uwanja mtupu wa Mowlem, kisha wakaitwa Kware, pale ghorofa zinapokaribiana hadi mtu anaweza kumpa jirani wa upande wa pili chumvi kupitia dirishani. Walisimama chini, katikati, na watu wakatoka kwenye roshani zote, na nguo zao zilizoanikwa zikawa mapazia. Redio za humo zilizimwa. Huo si uvumi, tumewahi kuwa pale.

Na kwenye kurekodi akaweka sheria mpya. Kila wimbo uanze na tarehe, kwa sauti, kabla ya ngoma. Kanda ya mwaka 2021 na ile ya 2024 zote ziko hivyo. Unasikia sauti yake kavu ikisema, "Leo ni Jumamosi, tarehe tisa Oktoba, elfu mbili ishirini na moja, tuko Kiamaiko," halafu anaita majina, na kila mmoja anaitika nipo, kutoka gita la solo mpaka ngoma. Rayyan alimsihi aziondoe sehemu hizo kwa nyimbo za mtandaoni, maana watu wanaruka. Alimwambia wacha waruke, wakishuka watatukuta.

Mmoja hakuruka. Alikuwa Nasima, msichana wa Mowlem aliyekuwa akisaidia katika duka la shangazi yake. Alisikia ile tarehe, akahesabu, akaona ni juzi tu. Alifika kibandani mwaka 2022, na buibui lake na viatu vyake vya shule vilivyombana, hakuagiza supu. Alisema, "Shikamoo. Nimesikia mpo." Wavinya alimpa kiti. Hakumuuliza kuhusu midomo wala kuhusu kuolewa. Alimuuliza tu kama nyumbani kwao kuna mpira wa maji. Nasima alijifunza haraka, na kufikia mwisho wa mwaka 2023 alikuwa tarumbeta la pili la Mowlem Jazz.

Ugonjwa ulianza mwezi Novemba 2024. Chakula kilikuwa kikikwama kooni. Madaktari walipima wakakuta saratani ya umio, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Alipokea matibabu, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa upole. Kufikia Februari 2025 hakuweza kumeza kitu kigumu, akaishi kwa supu yake mwenyewe, ambayo sasa ilipikwa na Mukai, na kila siku alisema chumvi haijakaa sawa. Daktari alimwambia asipulize tena. Aliitikia vizuri sana, akatoka nje akamuuliza Muindi kama daktari alisema chochote kuhusu kufundisha. Basi akafundisha. Alikaa kitandani, Nasima akasimama dirishani na tarumbeta, na pumzi ilipokosekana Wavinya alimwonyesha kwa vidole juu ya blanketi.

Jumamosi, tarehe 10 Mei 2025, alitaka kupelekwa stoo ya ngozi. Muindi alikataa. Alisema harufu ile itammaliza. Wavinya akamwambia, "Muindi, kuna kitu kinanimaliza tayari. Tusikilaumu kitu kingine." Muindi akawasha gari. Walimweka kwenye kiti cha plastiki karibu na maikrofoni, na wimbo uliitwa Jirani wa Juu. Yeye ndiye aliyeutunga, kuhusu watu wa ghorofa ambao hawajuani sura lakini wanajuana nyayo. Hakupuliza. Alisema tarehe, akaita majina, na sauti haikutosha kuyamaliza, ikabidi Abdurahim ayamalizie. Nasima alipiga tarumbeta la kwanza. Wimbo ulipokwisha Wavinya akasema urudiwe, kwa sababu ngoma ilikuwa imelala. Ukarudiwa.

Alitutoka Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Huruma, Muindi na watoto wote wawili wakiwa kando yake.

Jumamosi, tarehe 7 Juni, Muturi alimpigia Muindi simu. Alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema kwamba sasa hakuna tena kizuizi. Angependa kufanya kipindi kizima cha kumbukumbu, saa nzima, na aanze na Tokeni Imeisha. Atataja jina lake kamili. Atasema alikuwa mwanamke. Muindi ni mtu wa maneno machache, miaka mingi alizungumza na mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Usicheze huo," akamwambia. "Kuna wimbo wa mwezi uliopita. Cheza huo. Na usiucheze kwenye kipindi chako. Uweke kwa vijana, kati ya zile zao."

Muturi akasema itabidi aulize wakubwa. Muindi akamwambia aulize. Hadi programu hii inachapishwa hajarudi na jibu. Sisi hatungoji.

Wavinya Muthama ameacha mume wake, Muindi. Watoto wake, Mukai na Nzuki. Wajukuu wake, Celine na Kate. Na dada yake mkubwa, Mama Syombua wa Shauri Moyo. Ameacha Mowlem Jazz: Abdurahim, Rayyan, Nasima, na wenzao wote waliosimama pale kulia, nyuma ya mchungaji, na vyombo mikononi. Ameacha nyimbo kumi na tisa, na kila moja imeandikwa jina la kila aliyepiga, hakuna wengineo.

Katika mazishi watu huombwa kusimama kimya dakika moja. Familia inawaomba msifanye hivyo. Mchungaji ametukubalia, ingawa ilichukua muda. Utapigwa wimbo wa Jirani wa Juu, ambao nje ya ile stoo haujasikika popote. Hakuna anayeujua, kwa hiyo hakuna atakayelia kwa kukumbuka ujana wake. Wanaoweza kucheza wacheze, na mbele ya kaburi kuna nafasi. Atakayeuliza huu ni wa mwaka gani, aliye karibu naye amwambie.

Mungu amlaze mahali pema. Nasima, hesabu, bendi ianze.